Kijiko cha Mtoto Ndani ya Mkoba

Kwa mara ya tatu asubuhi hiyo Sajini Tryphena Wakesho aliuliza swali moja, na kwa mara ya tatu akapewa jibu tofauti.

“Branice, hiyo sumu ulipewa lini?”

“Jana jioni. Mama mkwe alikuja hapa na kuku kwa hotpoti. Nikala, nikalamba vidole.”

“Hapa wodini?”

“Hapa hapa. Alikuwa amekaa hapo umekaa.”

Saa mbili alikuwa amesema ni Jumapili iliyopita, nyumbani kwa mama mkwe huko Mraru. Saa tatu akasema ni kwenye harusi. Sasa ni jana. Sajini akafunika kalamu. Jana kuanzia saa kumi alasiri mama mkwe alikuwa ndani ya seli ya kituo cha Voi, na aliyefunga mlango ni Sajini mwenyewe.

Branice alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, mwenye kibanda cha nguo za wanawake pale sokoni Voi. Katika picha ya Krismasi waliyoileta ndugu zake alikuwa amejaa kiti cha plastiki mpaka mikono ya kiti haionekani. Aliyelala hapa alikuwa nusu ya yule. Lakini si wembamba uliomsumbua Sajini. Ni macho. Hayakutulia hata kidogo. Yalikwenda kushoto, yakarudi, yakaenda tena, kama ya mtu anayehesabu mabehewa ya treni inayopita.

Nje ya wodi alimkuta Daktari Nthenya anamngojea, mikono mifukoni.

“Anadanganya, daktari?”

“Hajui kama anadanganya. Akili ikikosa jambo la kukumbuka, inajitungia.” Daktari alikuwa kijana, na uso wake ulionyesha hakulala. “Sikiza, Sajini. Malaria nimepima, hana. Figo zinafanya kazi. Familia inasema amelishwa sumu. Sawa, lakini sumu gani? Dawa ya panya ina tiba yake, dawa ya kunyunyizia mahindi ina yake, na nikikosea naweza kumuua mimi. Majibu ya maabara ya serikali ni wiki tatu. Jumatatu aliingia hapa akishikwa mkono. Leo hawezi kusimama. Kesho sijui kama ataamka.”

“Unataka nini kutoka kwangu?”

“Nataka kujua ni nini kiliingia kwa mwili huu. Kabla ya jioni.”

“Na hayo makovu ya tumboni? Nimeona matano, madogo madogo.”

“Alitolewa nyongo mwezi wa pili, kule Nairobi. Kaka yake amesema, na bwanake amesema hivyo hivyo kwa simu. Barua ya hospitali hawana.”

Kaka mwenyewe, Nicodemus, alikuwa ameegemea ukuta hatua tatu kutoka hapo, na alikuwa amesikia yote.

“Madam, daktari unamuuliza nini na mchawi mnaye ndani? Huyo mama anajulikana Mraru yote.”

“Anajulikana kwa nini?”

“Kwa hiyo kazi yake.”

“Nitajie mtu mmoja tu aliyemuona akiifanya.”

Nicodemus akatazama sakafu. “Mkishindwa semeni. Sisi tuko.”

“Nenda nyumbani, Nicodemus. Usinipatie faili ya pili.”

*

Kituoni Koplo Munyoki alikuwa ameshapanga karatasi zake vizuri.

“Hii imeisha, Sajini. Mgonjwa ametaja mtu, mtu tunaye. Kesho asubuhi kortini.”

“Mgonjwa ametaja siku tatu tofauti. Mojawapo huyo mtu alikuwa kwako.”

Munyoki alijikuna shingo. “Amechanganyikiwa kwa sababu ya sumu.”

“Au amechanganyikiwa ndio maana anasema sumu. Niletee mama.”

Mama Khalayi aliingia bila viatu, kwa sababu seli hairuhusu viatu. Alikuwa mjane wa mkata mkonge, mikono mikubwa, kitenge kimefungwa vizuri kama anaenda kanisani. Alikaa akangoja kuulizwa.

“Mama, Jumapili iliyopita Branice alikula kwako?”

“Jumapili iliyopita hakuja. Alikula kwangu mara moja tu tangu operesheni. Ilikuwa mwezi wa tatu, mahindi ndio tulikuwa tunaanza kupanda.”

Sajini alihesabu kwa vidole chini ya meza. Wiki sita, labda na siku kadhaa.

“Mlikula nini?”

“Ugali na kuku. Kuku ya kienyeji, jogoo. Bibi ya kijana wangu ametoka hospitali, nimpikie sukuma?”

“Nani mwingine alikula?”

“Mimi. Majirani wawili. Watoto walilamba sufuria. Uliza.”

“Alikulaje?”

Mama akaangalia mikono yake. “Kama mtu anameza dawa. Nilimpakulia, akatoa kijiko kwa mkoba wake, kijiko kidogo cha mtoto, ya rangi ya waridi. Nikamwambia, Branice, wewe unakula ugali na kijiko tangu lini? Vijiko vya kwangu ni vichafu? Majirani wakacheka. Akarudisha kwa mkoba, akanawa, akala na mkono. Alimaliza sahani.”

“Ukamwongeza.”

“Nikamwongeza.”

“Kwa nini, kama ulimwona anameza kama dawa?”

“Msichana wangu, wewe umeolewa? Mtu akiacha chakula ya mama mkwe mbele ya watu, anasema nini? Anasema mimi ni mchawi. Yeye alijua hivyo. Alikula ndio anipatie heshima.” Akafuta pua kwa ncha ya kitenge. “Halafu akaenda nyuma ya choo. Nilimsikia akitapika. Alipotoka jasho imemjaa. Akasema ni malaria.”

“Baadaye ulimwona tena?”

“Mara mbili, mjini. Nikimpelekea maziwa anasema ameshiba. Mpaka nikauliza Mungu, kwani nilimkosea wapi?”

Munyoki, aliyekuwa mlangoni, aliguna. “Mama, kijiko cha mtoto? Mtoto wake wa mwisho ana miaka kumi.”

“Ndio hiyo na mimi ninashangaa,” Mama Khalayi akasema.

Sajini akafungua kalamu, akaandika neno moja: kijiko.

*

Nyumba ya Branice ilikuwa vyumba viwili nyuma ya barabara ya reli ya zamani. Bwanake, Chrispine, fundi wa reli, alikuwa safarini kikazi, na ufunguo aliachiwa Daisy, rafiki ya Branice na mwenzake wa kibanda. Daisy alifungua akabaki mlangoni, anazungusha pete yake kidoleni.

“Ingia, Daisy. Nyumba ni ya rafiki yako.”

“Nitangoja tu hapa, madam.”

Sajini alianza jikoni kwa sababu huko watu hawakumbuki kuficha. Sufuria kubwa zilikuwa juu kabisa, na vumbi. Chini, karibu na mkono, kulikuwa na mashine ya kusagia matunda, imesafishwa lakini ina harufu ya uji ulioganda. Nyuma ya kopo la majani, kikombe kidogo cha dawa, kile cha kifuniko cha chupa ya kikohozi, kimechorwa mstari kwa rangi ya kucha. Alikinyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Mstari ulikuwa kwenye vijiko viwili, si zaidi.

Chumbani, mkoba ulikuwa umening’inia msumarini. Ndani yake kulikuwa na kijiko cha rangi ya waridi. Chini ya godoro kulikuwa na chupa ya vidonge vya vitamini, kubwa, imefunguliwa lakini bado imejaa karibu yote.

Alivitia kimoja kimoja kwenye mfuko wa plastiki, akaandika namba. Kijiko kikawa kielelezo cha kwanza.

“Daisy, watu wanasema Branice alipungua namna gani?”

“Kwa maombi na kufunga. Alitoa ushuhuda kanisani, kila mtu alisikia. Alifunga siku ishirini na moja.”

“Mwezi gani?”

“Wa tatu, mwanzoni.”

“Mtu akifunga, ama anakula ama hali. Huyu alikuwa anapima.” Sajini aliweka kikombe juu ya meza, akaweka kijiko kando yake. “Dada yangu alitolewa nyongo. Wiki ya pili alikuwa anakula ugali na kunigombeza. Branice alikatwa nini, Daisy?”

“Nyongo.”

“Na kijiko hiki ni cha nyongo?”

“Madam, mimi...”

“Na vidonge anavificha chini ya godoro kwa nini? Bwanake anakataa vitamini?”

Daisy alikuwa ameanza kulia bila sauti, machozi tu yanashuka. “Niliapa. Nilishika Biblia.”

“Uliapa akiwa anaongea. Sasa hawezi kukwambia nyamaza wala sema. Daktari amenipa mpaka jioni.”

Mwenye binti na asikie vizuri hapa, kwa sababu Daisy alisema haraka, na alisema mara moja tu.

Branice alikuwa amechoka kuitwa kontena na wateja. Magoti yalikuwa yanamuuma, presha inapanda, na daktari mmoja alikuwa amemwambia kweli kwamba uzito utamuua. Akapata kliniki ya Nairobi inayopunguza tumbo. Walimkata tumbo la chakula, wakatoa sehemu kubwa, wakamwachia kipande kama ndizi ndogo. Kazi waliifanya vizuri. Wakampa kadi yenye maagizo, wakamwambia arudi. Nyumbani alisema nyongo, kwa sababu kusema alijipeleka mwenyewe akatwe aliona ni aibu. Daisy peke yake ndiye alimsindikiza. Uzito ukashuka, watu wakashangaa, mchungaji akamuuliza siri ni nini, na yeye akajikuta amesimama mbele ya kanisa anasema ni maombi.

“Baada ya hapo ningemwambiaje aende hospitali aseme ukweli? Nusu ya wauguzi wa hapa tunaomba nao.”

“Alianza kutapika lini?”

“Siku ile ya kuku, Mraru. Ilikuwa wiki ya tatu tu, na aliambiwa mwezi mzima ni vitu vya kunywa. Nilimuuliza, mbona ulikula? Akaniambia, Daisy, ulitaka nimtukane mama wa watu?” Daisy akafuta uso kwa kiganja. “Tangu siku hiyo tumbo halikushika kitu. Hata maji yalirudi. Vidonge aliacha kwa sababu vilikuwa vinarudi pia.”

“Wiki sita?”

“Wiki sita. Juzi juzi akaanza kunisahau jina. Akasema mama mkwe alimwekea kitu. Na mimi, Mungu anisamehe, nilinyamaza.”

“Mama mzee amelala kwa saruji usiku kucha, Daisy.”

“Najua.”

“Kadi iko wapi?”

Ilikuwa kwenye kibanda chao, ndani ya mfuko wa jaketi zito la baridi, nguo ambayo hakuna mtu wa Voi angeichukua hata bure. Sajini aliisomea pale pale, amesimama katikati ya marinda. Ukitapika zaidi ya siku mbili, piga simu. Usiache vitamini. Namba ya simu ilikuwa imeandikwa kwa herufi nene, na karatasi ilikuwa haijakunjwa hata mara moja.

Akampigia Daktari Nthenya, akamsomea kadi yote, neno kwa neno. Upande wa pili kalamu ilisikika ikiandika.

“Daktari?”

“Niko. Wiki sita anatapika? Kuna mtu alimwekea maji kwa mshipa kabla hajaletwa kwetu?”

Sajini akageukia Daisy, akauliza. Daisy akatikisa kichwa kukubali. “Kwa kemisti ya Lewis. Mara tatu. Akiwekewa anachangamka kidogo, halafu kesho yake macho yanaanza kucheza. Nicodemus anasema Lewis naye alilipwa aweke sumu.”

“Nenda kwa huyo Lewis,” daktari akasema. “Niulizie ni maji gani. Ya chumvi au ya sukari. Mbio, Sajini.”

*

Lewis alikuwa nyuma ya kaunta ya duka lake la dawa, mtu wa miaka hamsini, koti jeupe, na alipoona kitambulisho cha polisi aliweka miwani chini.

“Branice uliweka maji gani?”

“Maji ya kawaida tu, madam. Alikuwa hana nguvu.”

“Kawaida ni nini? Nionyeshe chupa.”

Alizotumia zilikuwa bado kwenye boksi la takataka nyuma. Sajini alizigeuza. Zote tatu zilikuwa za sukari.

“Siku gani?”

“Jumatano, Ijumaa na Jumapili. Mtu hajala, unampa sukari. Kila mtu anafanya hivyo.” Sauti ikamshuka. “Kwani nimeua mtu?”

“Alikwambia alikatwa tumbo?”

“Aliniambia ana vidonda vya tumbo! Angesema tumbo limekatwa, mimi ningemgusa?”

Sajini alishika simu sikioni. “Ni ya sukari, daktari. Mara tatu.”

“Basi hakuna sumu.” Daktari alikuwa anatembea, viatu vyake vilisikika. “Kuna vitamini moja, B1. Mwili hauweki akiba yake ya muda mrefu. Mtu akitapika wiki sita inaisha. Ukimwekea sukari bila hiyo vitamini, sukari inamaliza hata kile kidogo kilichobaki, na kinachokufa njaa ni ubongo. Macho, miguu, kumbukumbu. Ile picha nzima ninayo kitandani.”

“Tiba ipo?”

“Ni sindano, na iko kwa kabati yangu. Siku nne imekuwa kwa kabati yangu, Sajini, na mimi natafuta dawa ya panya.” Simu ikakatika.

Sajini alisimama na chupa tatu mikononi. Saa ya ukutani kwa Lewis ilikuwa saa tisa na dakika ishirini.

Alichukua maandishi ya Lewis, akachukua ya Daisy, saini na tarehe. Alipofika kituoni, Munyoki alikuwa anarudi kutoka Mraru, alikotumwa kuhoji wale majirani wawili.

“Wamekubali, sufuria moja wote walikula,” akasema. “Lakini kuna jambo lingine. Banda la kuku la mama limechomwa leo mchana. Kuku kumi na mmoja. Walikuja vijana kwa bodaboda, mmoja akaungua mkono. Majirani wanasema hawakuona sura.”

“Hawakuona au hawataki?”

Munyoki aliinua mabega. Halafu akachukua zile karatasi zake za kortini, akazitazama kidogo, akazipasua mara mbili. “Nitamrudishia mama viatu,” akasema.

*

Ijumaa asubuhi Sajini alimpeleka Mama Khalayi hospitali mwenyewe. Njiani alimwambia yote, tumbo, kadi, chupa za sukari, na mwisho akamwambia juu ya banda.

Mama hakulia. “Na yule jogoo mwekundu?”

“Wote, mama.”

“Ni nani?”

“Sina shahidi bado.”

Mlangoni mwa wodi Daktari Nthenya aliwasimamisha. “Amepigwa sindano tangu jana, na tutaendelea. Macho yametulia. Miguu itachukua muda, na njia ya chakula imebana, Jumatatu anaenda kwa waliomkata wakaifungue. Kumbukumbu...” Akatazama ndani ya wodi. “Kumbukumbu si ahadi. Inaweza kurudi kidogo. Inaweza isirudi.”

Branice alikuwa ameegemezwa kwa mito miwili. Nicodemus alikuwa kando ya kitanda. Alipomwona mama mkwe, alisimama ghafla, na Sajini akaona kitambaa cheupe kimefungwa kwenye kidole gumba cha mkono wa kulia. Mama Khalayi naye alikiona. Wakabaki wote watatu wanatazama kile kitambaa.

“Branice,” Sajini akasema, daftari tayari. “Nahitaji maneno machache tu, nifunge faili. Uliniambia mama alikupa sumu.”

Branice alimtazama, na mara hii macho yalimfikia Sajini yakatua. “Nani alisema hivyo?”

“Wewe. Jumatatu. Na jana mara tatu.”

“Mimi?” Alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayedhani anataniwa. “Mama yupi? Mama huyu?” Akageuza kichwa, akamwona. Uso wote ukafunguka. “Mama! Kwani ulipotelea wapi siku hizi zote? Ninalala hapa huji hata kuniona. Nimekukosea?”

Kitanda cha pili mtu alikohoa. Nicodemus alikuwa amefumba mdomo mpaka midomo imekuwa nyeupe, na Sajini alijua neno moja la mama lingetosha. Angeandika hapo hapo, mbele ya mashahidi.

“Tembo, mwanangu,” Mama Khalayi akasema. “Tembo wameniingilia shamba. Wamevunja hata banda la kuku. Ndio nilikuwa narekebisha.”

“Tembo tena! Na kuku?”

“Walikimbia. Watarudi.” Akamgeukia Nicodemus, polepole. “Huyu kaka yako amesema atakuja kunijengea lingine. Si ndivyo, Nico?”

“Ndivyo, mama,” Nicodemus akasema, akiuficha mkono nyuma.

Sajini alishika kalamu kwa muda. Halafu akaifunika.

Kando ya kitanda kulikuwa na kikombe cha uji mwepesi ambao hakuna mtu alikuwa ameugusa. Mama Khalayi akaunusa, akaonja kwa ncha ya ulimi, akageuka.

“Madam, kile kijiko cha rangi ya waridi. Bado mna kazi nacho?”

Kilikuwa kielelezo cha kwanza, na mfuko ulikuwa na lakiri. Sajini aliutoa mkobani mwake, akaupasua kwa meno.

“Daktari,” mama akauliza, “vijiko vingapi?”

“Vitatu. Halafu ungoje nusu saa, uone kama vitakaa.”

Mama Khalayi akavuta kiti karibu, pale pale Branice alipokuwa amesema jana kwamba mama alikaa.

“Nitangoja,” akasema.